MPD: maswali mnayoniuliza kila siku kuhusu kutawala seva ya muziki ya nyumbani kwa simu

Nimeamua kuyaandika yote sehemu moja maana nimechoka kujibu swali lile lile saa sita usiku, tena mwenye swali anatuma picha ya kioo imekatwa nusu sijui hata kimeandikwa nini. Ninachoongelea hapa ni MPD, Music Player Daemon, programu ya seva inayocheza muziki, ambayo Warren Dukes aliianzisha 2003 na siku hizi mtunzaji wake ni Max Kellermann. Ni ya bure, code yake iko wazi.

Mjue na setapu yangu ili tusipishane: Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo, naiita Pi tu) iko nyuma ya TV, hard disk ya nje imechomekwa USB, kuna kidude cha DAC cha USB pia (kinachogeuza data kuwa sauti), halafu waya wa AUX unaingia kwenye sabufa. Basi. Adresi yake kwenye waifai ya nyumbani ni 192.168.1.20, popote utakapoiona hapa chini weka ya kwako, usikopi kama ilivyo afu uje kuniambia imegoma.

Hii klayenti ni nini hasa? Mbona kuna seva tena kuna klayenti, si apu moja tu ingetosha?

Chukulia hivi. MPD ni DJ amejifungia chumbani na kanda zote na spika zote, hana dirisha, hana sura, wewe humuoni. Klayenti ni mtu aliyesimama mlangoni anampigia kelele weka ile, ruka hii, punguza sauti. Huyo wa mlangoni hana kanda hata moja. Akiondoka DJ anaendelea na kazi yake, akija mwingine anaanza kumpigia kelele yeye.

Kwa hiyo apu ya kwenye simu yako ni rimoti tu. Nalirudia hili mpaka watu wanacheka, lakini nusu ya maswali ya ukurasa huu yanatokana na mtu kutoliamini.

Simu ikiita muziki utakatika?

Haukatiki. Mama mdogo wangu wiki nzima alikuwa akitaka kupiga simu anatoka nje kwanza, amezoea bluetooth ambayo ukipigiwa tu nyumba nzima inasikia unavyodaiwa. Kwenye MPD zima simu kabisa, toa betri kama bado unayo ya kutoa, mpe mtoto achezee gemu, wimbo unaendelea. Muziki unasomwa kwenye disk na Pi, unatoka kwa Pi kwenda kwenye sabufa, simu haimo njiani kabisa.

Inakula bando?

Hapana, ukiwa nyumbani hata shilingi moja hailiki. Kinachopita kati ya simu na seva ni maandishi mafupi mafupi ndani ya waifai yako mwenyewe. Picha za albamu ndo nzito kidogo, na zikitoka kwenye seva yako zenyewe haziendi nje.

Nitumie apu gani?

Android chukua M.A.L.P., ipo F-Droid na Play Store, nyepesi, haina matangazo. Zamani wote tulikuwa na MPDroid, ukiikuta kwenye maelezo ya zamani achana nayo. iPhone kuna Rigelian, kuna MPDluxe. Kwenye kompyuta mimi nimezoea ncmpcpp ya kwenye terminali, sura yake ni maandishi matupu ila ukishazoea vitufe huirudishi, wanaopenda madirisha na picha wanaipenda Cantata, mwandishi wake wa mwanzo aliacha kuiendeleza ila bado inafanya kazi. Kama hutaki kupakia kitu kwenye kila simu ya mgeni, weka myMPD kwenye Pi yenyewe, inafunguka kwenye brauza yoyote, mgeni unampa adresi tu.

Na usiumize kichwa kuchagua. Zote zinaongea lugha moja na seva, unaweza kuwa nazo tano kwa pamoja, ukibonyeza pause kwenye moja nyingine zote zinaonyesha pause hapo hapo.

Niingize nini kwenye apu? Inaniuliza host, port, password, sijui nini

Host ni adresi ya Pi, kwangu 192.168.1.20. Ukiwa kwenye Pi andika `hostname -I` utaiona. Port ni 6600, hiyo usiibadili. Password acha tupu kama hujaweka. Jina la profile andika lolote, mimi nimeandika Sebuleni.

Simu na kompyuta nyingi zinakubali pia `raspberrypi.local` badala ya namba, lakini kwenye baadhi ya Android inagoma kwahiyo namba ndo uhakika. Ila sasa namba nayo inabadilika ruta ikizimwa ikawashwa, leo 20 kesho 23, mtu anasema seva imekufa kumbe imehama chumba tu. Ingia kwenye ukurasa wa ruta, tafuta sehemu ya DHCP, mfungie Pi namba yake moja ya kudumu. Dakika tano tu hizo, fanya leo.

Nimeweka kila kitu sawa sawa lakini apu inasema connection refused. Kaka nisaidie, nimehangaika siku mbili

Hili ndo mama wa maswali yote. Pole, tulia, tunaenda mdogo mdogo.

Ukipakia MPD kwenye Debian au Raspberry Pi OS kwa `sudo apt install mpd mpc` (mpc ni klayenti ya kwenye terminali), inakuja imejifungia ndani. Kwenye faili `/etc/mpd.conf` kuna mstari umeandikwa

`bind_to_address "localhost"`

maana yake inamsikiliza aliye ndani ya Pi yenyewe tu, simu yako ni mtu wa nje, anagonga hafunguliwi. Badilisha iwe

`bind_to_address "0.0.0.0"`

save, afu `sudo systemctl restart mpd`. Hakikisha mstari hauna alama ya # mbele, watu kibao wanaubadilisha vizuri kabisa wanasahau kutoa #, faili linaupita kama halijauona.

Sasa hakiki, usikisie. Kwenye Pi andika `ss -tln | grep 6600`. Ukiona 127.0.0.1:6600 bado imejifungia. Ukiona 0.0.0.0:6600 au *:6600 imefungua mlango.

Kuna na mtego mmoja ulinila jioni nzima. Kwenye systemd, ile inayowasha na kuzima programu za Pi, kuna kitu kinaitwa mpd.socket, kikiwa kimewashwa chenyewe ndo kinashika poti 6600 kwa niaba ya MPD na huo mstari wa bind_to_address hausomwi kabisa. Yaani unabadilisha, unabadilisha tena, hamna kinachotokea. Angalia kwa `systemctl status mpd.socket`, ukitaka mpd.conf ndo iamue basi `sudo systemctl disable --now mpd.socket` afu washa mpd upya.

Kama hapo kote pako sawa na bado, angalia fayawoli. Mwenye ufw aandike

`sudo ufw allow from 192.168.1.0/24 to any port 6600 proto tcp`

hii inawaruhusu wa nyumbani tu. Na kwenye ruta, simu yako isiwe kwenye ile waifai ya wageni, zile nyingi zimezuia vifaa visionane, intaneti unapata lakini jirani yako wa sebule moja humuoni. Ruta nyingine hata waifai ya kawaida ina kitu hicho, kinaitwa AP isolation, kizime.

Nitajuaje kama tatizo ni apu au ni seva?

Ongea na seva mwenyewe bila apu. Kwenye kompyuta yoyote iliyo kwenye waifai hiyo hiyo:

`nc 192.168.1.20 6600`

Ikijibu `OK MPD 0.23.5` au namba inayofanana na hiyo basi seva ni nzima, mlango uko wazi, tatizo liko kwenye apu yako. Namba hiyo ni ya protokali, usishangae ikipishana na namba ya programu. Ukiandika `status` ukabonyeza enter itakuambia sauti ni asilimia ngapi, wimbo wa ngapi, sekunde ngapi zimepita. Ndo vile vile apu zote zinavyoongea nayo, hakuna uchawi. Ukimaliza andika `close`.

Asiye na kompyuta anaweza kupakia Termux kwenye Android, `nc` inapatikana humo.

Jana ilikuwa inafanya kazi vizuri. Leo bando la ruta limeisha, apu haiunganishi. Kwani inahitaji intaneti?

Haihitaji. Hili ni la simu. Android ikiona waifai haina intaneti inahamia kwenye data ya laini kimya kimya, alama ya waifai bado unaiona lakini mazungumzo yanapitia kwenye laini, na huko nje hakuna mtu anaitwa 192.168.1.20. Zima data ya laini kwa muda. Au ule ujumbe unaosema mtandao huu hauna intaneti unataka kuendelea kuwepo, bonyeza ndiyo, wengi tunaufuta bila kuusoma. VPN nayo iliyoachwa wazi inaleta ugonjwa huo huo.

Wasio na ruta kabisa wanatumia hotspoti ya simu, Pi inajiunga kwenye hotspoti na simu hiyo hiyo inakuwa rimoti. Inakubali vizuri tu. Shida yake ni namba ya Pi kubadilika badilika na mwenye simu akienda dukani wengine mnabaki hamna rimoti, ila DJ anaendelea.

Mimi natumia iPhone, haitoi kosa lolote, inazunguka tu

Mara ya kwanza ulipoifungua apu, simu ilikuuliza kama unairuhusu ione vifaa vya kwenye mtandao wa nyumbani, ukabonyeza hapana kwa mazoea. Iko hivyo tangu iOS 14. Nenda Settings, Privacy & Security, Local Network, washa kitufe cha apu hiyo.

Imeunganisha lakini hakuna wimbo hata mmoja, na disk imejaa nyimbo

Vitu viwili hapa, na cha pili ndo kinachowashinda watu.

Cha kwanza, MPD haitazami disk muda wote, ina daftari lake. Ukiongeza nyimbo lazima uiambie isome upya: `mpc update`, au kwenye apu tafuta update database. Disk kubwa mara ya kwanza inachukua muda, nenda kapike. Ukitaka ijisomee yenyewe weka `auto_update "yes"` kwenye mpd.conf.

Cha pili ni ruhusa. MPD haifanyi kazi kwa jina lako, ina jina lake, mtumiaji anayeitwa mpd. Hard disk ukiichomeka kwenye Pi ukiwa na desktop inajifungua kwenye `/media/` ikifuatiwa na jina lako, na folda hiyo ya jina lako wengine hawaruhusiwi kupita. Wewe unaziona nyimbo, unazicheza, kila kitu. mpd akija anakuta geti limefungwa. Jaribu hivi:

`sudo -u mpd ls /media/jinalako/muziki`

Ikisema Permission denied ndo huyo mchawi. Dawa siyo kumwaga chmod 777 kila mahali kama mnavyoelekezana, dawa ni kuifungulia disk sehemu ya watu wote. Tengeneza folda `/mnt/muziki`, weka disk kwenye `/etc/fstab`:

`UUID=namba-ya-disk-yako /mnt/muziki ext4 defaults,nofail 0 2`

UUID unaipata kwa `lsblk -f`, na safu ya aina ya faili andika ile disk yako iliyonayo, kama ni exfat andika exfat na hiyo namba 2 ya mwisho iwe 0. Neno nofail usiliruke, bila hilo siku disk imechomoka Pi inagoma kuwaka, unajikuta unatafuta kibodi na waya wa HDMI usiku. Kisha kwenye mpd.conf `music_directory "/mnt/muziki"`, restart, update.

Umeme ulikatika, uliporudi nyimbo zote zimepotea!!!

Hazijapotea, punguza alama za mshangao. Pi iliwaka disk ikawa haijafunguka, MPD ikasoma folda tupu, ikaandika kwenye daftari lake kwamba hakuna wimbo. Hakikisha disk imefunguka kwa `ls /mnt/muziki`, halafu `mpc update`, zinarudi zote. Pleilisti zako ziko salama, zile ni faili za m3u zimekaa pembeni hata daftari likifutwa.

Hapo hapo kwenye umeme: weka `restore_paused "yes"` kwenye mpd.conf. Bila hiyo MPD inakumbuka kwamba ulikuwa unacheza, umeme ukirudi saa nane usiku inaendelea pale pale ilipoishia, sauti ile ile ya mchana. Majirani wangu wananijua kwa hilo. Na kadi ya SD inauawa na kuzimika zimika ovyo, ile UPS ndogo ya ruta inayotoa volti 5 inaweza kuibeba Pi mradi iwe na ampea za kutosha, Pi 4 inataka 3.

Mbona wasanii wamejirudia rudia na wengine wameandikwa Unknown?

Kwa sababu klayenti haisomi jina la faili, inasoma tegi zilizomo ndani ya wimbo, na nyimbo zetu nyingi zimetoka kwenye kanda kwenda kwenye kompyuta ya stesheneri kwenda kwenye flashi, hazina tegi au zina tegi ya namba ya simu ya aliyezichoma. Njia ya uvivu ni kufungua sehemu ya Files kwenye apu, hapo unaona folda zako kama ulivyozipanga, wala hutegemei tegi. Mimi taarabu yangu yote ya zamani ya Unguja naisikiliza hivyo.

Njia ya kazi ni kukaa na Kid3 au MusicBrainz Picard ukazisafisha. Picard inatambua wimbo kwa kuusikiliza lakini kwa dansi la zamani la kwetu mara nyingi inatoka kapa, utaandika kwa mkono. Ujue na tofauti ya Artist na AlbumArtist, hii ndo inayofanya albamu moja ikatike vipande kumi. Artist andika kila aliyeimba, AlbumArtist andika jina moja tu kwa albamu nzima.

Nilipata kazi kweli kwenye Msondo. Ni bendi moja lakini imepita majina manne, NUTA Jazz, Juwata Jazz, OTTU Jazz, mpaka Msondo Ngoma, kwahiyo kwenye apu yangu walikuwa bendi nne zimetawanyika herufi J, M, N na O. Mzee wangu anatafuta NUTA hazioni za Juwata anasema nimefuta. Nilichofanya, Artist nikaacha jina la wakati ule wimbo ulipotoka maana ndo ukweli wa historia, AlbumArtist nikaandika Msondo Ngoma kote. Sasa ukienda kwa AlbumArtist unazikuta zote, ukienda kwa Artist unazikuta kwa zama zake. Sio lazima ufanye kama mimi, kuna mtu tulibishana naye akasema NUTA ni NUTA usiichanganye, na ana hoja.

Inaonyesha inacheza, sekunde zinasogea, lakini kimya

Sauti inatoka, ila inatoka sehemu nyingine. Labda inatoka kwenye HDMI na TV imezimwa. Andika `aplay -l` uone vifaa vya sauti vilivyopo, kisha kwenye mpd.conf utaje unachotaka:

`audio_output {`
`    type "alsa"`
`    name "Sabufa"`
`    device "hw:CARD=Audio"`
`    mixer_type "software"`
`}`

Badala ya Audio weka jina lililotoka kwako. Tumia jina, usitumie namba kama hw:1,0, namba zinabadilishana Pi ikizima na kuwaka. Kwenye apu yenyewe angalia pia Outputs, mtu anaweza kuwa ameizima bila kujua, kwenye terminali ni `mpc outputs` halafu `mpc enable 1`.

Sekunde zisiposogea kabisa hapo ni kosa halisi, andika `mpc status`, mstari wa mwisho utaanza na ERROR na unasema kwa nini.

Anayenunua Pi sasa ajue Pi 5 haina tundu la AUX, na Zero pia haina. Pi 4 inalo ila sauti yake ina mchakacho, hata DAC ya bei ya chini ya USB inaizidi mbali.

Kitufe cha sauti kwenye apu hakifanyi kitu

Ukiandika `mpc volume` ikajibu n/a, DAC yako haina kipunguza sauti cha ndani. Ule mstari wa `mixer_type "software"` hapo juu ndo dawa.

Kila wimbo ukiisha unajifuta kwenye orodha. Hii ni virusi?

Sio virusi, ni consume. Kuna vitufe vinne vidogo watu wanavibonyeza bila kujua: random inachanganya, repeat inarudia orodha, single inacheza wimbo mmoja inasimama, consume inatoa kwenye foleni kila uliokwisha chezwa. Faili haliguswi. Na vikumbuke hivi ni vya seva siyo vya simu yako, mtoto akiwasha single kwenye simu yake na wewe umewashiwa.

Kuzima vyote: `mpc consume off; mpc single off; mpc random off; mpc repeat off`.

Watoto wananiharibia, kila dakika wanaruka wimbo. Naweza kuwazuia?

Unaweza. Kwenye mpd.conf:

`password "nenolangu@read,add,control,admin"`
`default_permissions "read,add"`

Asiye na neno la siri anaona nyimbo na anaweza kuongeza wimbo wake kwenye foleni, asubiri zamu. Kuruka, kusimamisha, kupandisha sauti hawezi. Ukiweka password bila huo mstari wa pili wasio na neno hawaoni chochote. Na mpc ya kwenye Pi nayo itaanza kugoma, iandikie `export MPD_HOST=nenolangu@localhost` ndani ya `.bashrc`.

Kwangu watoto walilijua neno ndani ya siku mbili, niliandika jina la mama yao.

Nataka kuitawala nikiwa kazini. Nifungue poti 6600 kwenye ruta?

Usifungue. Neno la siri la MPD linasafiri wazi wazi kama postikadi, yeyote njiani analisoma, na anayeingia anaweza kujaza upuuzi kwenye foleni na kupandisha sauti mpaka mwisho wewe haupo. Tumia WireGuard au Tailscale, hizi ni VPN za kukurudisha nyumbani, simu inajiona iko nyumbani na apu unaiachia adresi ya Pi ya humo. Kwenye laptop inatosha `ssh -L 6600:localhost:6600` pamoja na jina na adresi ya nyumbani, afu apu unaiambia host ni localhost.

Laini nyingi za simu hazikupi IP yako peke yako, unashea na maelfu, kwahiyo hata ungetaka kufungua poti isingefunguka. Tailscale inapita hapo bila shida, ndo ninayotumia.

Nitasikiaje muziki kwenye simu yenyewe sasa? Niko jikoni, sabufa iko sebuleni

Hapo ndo unaiambia seva itoe mkondo wa pili:

`audio_output {`
`    type "httpd"`
`    name "Simu"`
`    encoder "lame"`
`    port "8000"`
`    bitrate "128"`
`    format "44100:16:2"`
`}`

Fungua http://192.168.1.20:8000 kwenye VLC, au weka adresi hiyo kwenye profile ya M.A.L.P. sehemu ya streaming. Itachelewa sekunde kadhaa nyuma ya sabufa, usijaribu kuwasha zote mbili kwenye chumba kimoja utapata kizunguzungu. Ukiisikiliza kwa mbali hapo sasa bando linaliwa, kwa kasi hiyo ya 128 ni kama MB 58 kwa saa.

Picha za albamu hazionekani

Weka faili linaitwa cover.jpg ndani ya folda ya albamu. Seva ikiwa 0.21 kwenda juu inamtumia klayenti yenyewe.

Naweza kuipangia muda?

Hapa ndo utamu wenyewe, maana mpc ni klayenti pia ila hana kioo, unaweza kumuajiri cron, mtunza ratiba wa Pi, awe anabonyeza kwa niaba yako. Andika `crontab -e`:

`0 4 * * * mpc clear; mpc load daku; mpc volume 40; mpc play`
`10 18 * * * mpc pause`

Wa kwanza unawasha pleilisti inayoitwa daku saa kumi usiku, wa pili unanyamazisha karibu na magharibi nisiwe na taarabu juu adhana ikitolewa, mwaka mzima natumia saa hiyo hiyo kwa sababu huku Pwani jua halihangaiki sana.

Weka saa za kwetu kwanza: `sudo timedatectl set-timezone Africa/Dar_es_Salaam`, Raspberry Pi OS inakuja na saa za London. Na Pi 4 haina betri ya saa, inaiulizia intaneti kila inapowaka. Ramadhani iliyopita umeme ulikatika na bando la ruta lilikuwa limekwisha, Pi ikawaka ikiwa na saa ya zamani, daku ikapigwa saa nne usiku. Watu walishaanza kuosha vyombo vya futari. Baba mdogo akaamka, akala wali wote uliobaki, akanywa maji glasi tatu, akatia nia akalala, na hakuna aliyemwambia mpaka asubuhi.